Mkondo wa Mkia Ugawe kwa Mbili

Zaituni mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye basi, mbele ya watu, na utaona nitakavyozipamba. Karatasi hii nimeipa kazi nyingine. Ninaiandika dukani, alasiri, ubao mmoja wa mlango umefungwa na mwingine uko wazi, wewe ukiwa umekwenda Nateete kumuaga bibi, jjajja yako. Nimekadiria: kwenda, kula matoke yake kwa lazima, kulia kidogo, kurudi. Nina masaa matatu. Mtu aliyetengeneza redio ya meli pale Port Bell kwa kijiko cha chai na uzi wa gitaa, kwa dakika kumi na moja, nahodha amemsimamia na saa mkononi, hawezi kushindwa na barua moja kwa masaa matatu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako mdogo Hawa amekwisha kukuambia uvae nini, ukae upande gani wa basi, na kwamba ukifika kwa shangazi yako Kibera usikae kabla hujaambiwa kaa. Ameyasema mara nne, hata mimi nimeyakariri. Vizuizi vya barabarani unavijua: mikono ionekane, jibu fupi, usicheke, usinune. Barua hii nitaikunja ndani ya kitabu chako cha hesabu, katikati ya zile kurasa za logi, maana katika umri wangu wote sijaona askari aliyefungua kitabu cha hesabu kwa hiari yake. Utakapoiona, natumaini utakuwa umekwisha kuvuka mpaka pale Malaba.

Sasa nisikilize. Hawa ameniambia. Usimkasirikie, alivumilia siku mbili nzima, na kwa Hawa hiyo ni rekodi. Ameniambia barua zilizokuita Nairobi ni mbili, si moja. Moja ni ya chuo cha ufundi, upande wa elektroniki, ambako mwalimu wako wa fizikia alikuombea nafasi. Nyingine ni ya shule ya taipu. Zote mbili zinakutaka Jumatatu asubuhi kwa usaili, saa ile ile. Na wewe, huku unakunja nguo, ukamwambia kwamba Jumatatu utakwenda kwenye taipu, na Ami asiambiwe. Akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Mimi na hesabu tulishaachana, mama mdogo. Unajua ni tangu lini."

Anajua. Mtaa wote wa Kisenyi unajua. Mimi ndiye niliyewajulisha. Lakini wanachokijua ni uongo, Zaituni, na uongo huo niliutengeneza mimi, ndiyo maana umedumu. Kazi zangu hudumu.

Nianze na habari zangu, kwani hata ukinikataza nitaanza nazo. Umenisikia nikiwaambia wateja kwamba nilisomea redio Mombasa, chini ya Mzungu mwenye jicho moja. Wengine nimewaambia ni Kairo. Ukweli ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nilikuwa mfagiaji katika duka la Mhindi mmoja hapa mjini, miaka tisa, na nilifagia polepole sana karibu na meza yake ili nione vidole vyake vinakwenda wapi. Shule yangu ilikuwa ufagio. Wahindi walipoamriwa kuondoka, aliniita, akanipa bati la biskuti lililojaa transista na rizista, na kitabu kimoja kisicho na jalada. Akasema, "Rajabu, mikono yako mizuri. Mdomo wako unakimbia mbele ya mikono. Kabla hujachoma lehemu, piga hesabu." Nikamwambia sawa bosi. Kitabu chenyewe sikuweza kusoma hata robo yake. Nilipofungua duka langu niliandika juu ya mlango DAKTARI WA REDIO, NCHI ZOTE, na kitabu nikakiweka mezani mahali ambapo kila mteja angekiona.

Halafu ukaja wewe. Baba yako, kaka yangu, alikwenda kazini kwake polisi asubuhi moja, gari likamchukua njiani, na tangu hapo sote tumejifunza kutouliza. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuja hapa dukani na begi la shule, ukakaa, hukulia, hukusema. Kimya chako kilinitisha kuliko kilio, nikakupa kitabu cha Mhindi ili macho yako yapate pa kukaa. Nilidhani utatazama michoro. Baada ya wiki mbili ukaniuliza, "Ami, kwa nini kwenye mchoro wa transista mguu wa emita una mshale?" Nikakujibu ni mapambo. Ukanitazama. Siku ile ndipo nilipoanza kujifunza kwako bila kukuambia, kama nilivyojifunza kwa Mhindi, tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Ulipofika miaka kumi na mitano, hesabu zote za duka hili ulikuwa unazipiga wewe nyuma ya paketi za sigara, mimi nikichoma lehemu. Watu wakaanza kusema, "Rajabu, siku hizi redio zako hazirudi." Nikawajibu ni ule ujuzi wa Kairo, ulichelewa kuiva. Hata ile redio ya Jinja ninayoisimulia, iliyoendelea kuimba siku mbili baada ya kutolewa betri, kwa kuniogopa, ile uliitengeneza wewe. Betri nilikuwa nimesahau kuitoa.

Ndipo akaja Kapteni. Jina lake tuliache. Alileta amplifaya ya uwanja wa gwaride, sanduku la chuma zito kama mbuzi wa Iddi, askari wawili wamelibeba.

"Muzee," akasema, "hii kitu ilikuwa inaongea, sasa imekufa. Jumamosi mimi nahutubia watu. Iongee."

Fundi mwenye akili angesema, "Nitajaribu, afande." Mimi nikasema, "Afande, nitaifanya iongee mpaka watu wa Entebbe wafunge madirisha."

Tukaifungua. Unakumbuka. Pale mbele, sauti inapoingia, kulikuwa na transista mbili mapacha, emita zao zimefungwa pamoja, na kutoka kwenye fundo lile rizista moja ikishuka mpaka volti kumi na mbili chini ya sifuri. Kitabu cha Mhindi kinaiita mkia. Rizista kubwa ya jirani ilikuwa imeungua na kuubabua mkia ule mpaka rangi zake zote, zile zinazotaja kipimo chake, zikawa makaa. Rizista isiyo na rangi ni kama mtu asiye na kipande cha kitambulisho mfukoni, hujui ni nani. Na wakati ule, hata leo, nchi nzima hapakuwa na duka la kwenda kuuliza. Ilibaki kupiga hesabu.

Ulikaa pale mlangoni, juu ya tairi, penseli mdomoni. Mimi nimesimama nyuma yako nikijifanya natafuta koleo.

"Besi za mapacha wote wawili ziko karibu na sifuri, Ami," ukasema. "Emita iko chini yake kwa nukta saba ya volti. Kutoka hapo mpaka kumi na mbili zinabaki ngapi?"

"Kumi na moja nukta tatu," nikajibu haraka, maana hilo nililiweza.

"Kitabu kinataka kila emita ipitishe miliampea moja. Mapacha ni wawili, mkia ni mmoja. Kwa hiyo mkia unabeba mbili. Kumi na moja nukta tatu gawa kwa mbili... tano nukta sita na kitu. Rizista ya kilo-ohm tano nukta sita."

Ukaitafuta ndani ya bati: kijani, buluu, nyekundu. Ukaichoma mwenyewe. Lehemu yako ilikaa kama tone la maji. Ukanawa mikono, ukaenda kwa jjajja yako, kwa kuwa ilikuwa zamu yako kulala kwake.

Hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo nitapaandika bila pambo.

Kizito, huyu huyu fundi baiskeli wa mlango wa pili, alikuwa ameona yote. Ulipoondoka tu akaniita. "Ssebo Rajabu! Nauliza tu, kwa wema. Siku hizi hapo kwako nani daktari, nani nesi?" Vijana wa gereji ya ng'ambo ya barabara wakacheka. Nikacheka nao, kicheko kikubwa, nikaingia ndani nikafungua kitabu. Nikaona kimeandikwa miliampea moja. Moja! Na mtoto amesema mbili. Nikajiambia, Rajabu, wewe umekaa na mashine hizi tangu mtoto huyu hajazaliwa, na macho unayo. Kumi na moja nukta tatu gawa kwa moja, ni kumi na moja nukta tatu. Ya karibu iliyokuwamo ndani ya bati ni ya kumi na mbili. Kahawia, nyekundu, chungwa. Nikaitoa yako, nikatia yangu, nikafunga kifuniko skrubu zote nne.

Wewe hukujua. Hujawahi kujua mpaka mstari huu.

Nikaijaribu kwa redio, sauti ya chini, kwa sababu mtu mwenye akili hapigi kelele na mashine ya jeshi katikati ya Kisenyi. Ikaimba vizuri. Nikamwita Kizito, "Unamsikia daktari?" Akasema, "Nasikia, ssebo, ledio inaimba." Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu.

Kosa langu nimelielewa baadaye, na sasa nalijua kuliko jina langu. Nilidhani kila pacha atapata moja yake kamili kutoka kwenye mkia wa moja, kana kwamba mkia unazaa. Mkia hauzai. Ulichotia humo ndicho watakachogawana. Rizista yangu ilipitisha mkondo usiotimia hata miliampea moja, na huo ukaenda kwa wawili. Nyuma yao kuna transista ya tatu inayodai haki yake kwa pacha mmoja. Pacha huyo akachukua karibu mkondo wote, mwenzake akabaki anakwangua sufuria. Ukiwanong'oneza wanavumilia. Ukiwapigia kelele, mmoja anazima kabisa na sauti inachanika vipande.

Kapteni hakunong'ona.

Nilikuwepo, nimesimama karibu na spika kifua mbele. Wanafunzi wamepangwa, askari wamepangwa, kina mama wa soko la Nakawa wameletwa na malori. Sentensi ya kwanza ikapita salama. Ya pili akapandisha sauti, na kwenye spika akatoka bata. Bata aliyekaliwa. Kapteni akakasirika, akapaza zaidi, bata wakawa wanne. Mama mmoja wa Nakawa, Mungu amweke, akacheka. Mmoja tu. Akajishika akaanza kukohoa, na mwenzake akakohoa, na uwanja mzima ukashikwa na kikohozi.

Jumatatu yake gari lilikuja. Ulikuwa umetoka shule, sare bado iko mwilini. Wale askari wawili wakaliweka sanduku mezani taratibu. Nje vijana wa gereji waliweka nyundo chini.

"Nani ametengeneza hii?" Kapteni akauliza.

Nililiona gari. Rangi ile ile waliyoisema wale waliomwona baba yako mara ya mwisho. Na mdomo wangu, huu huu wa nahodha wa Port Bell, ukasema, "Afande, hesabu alipiga mtoto."

Ukaniangalia mimi kwanza. Ndipo ukamwangalia yeye.

"Wewe katoto. Ni wewe umenifanya bata?"

"Nilidhani iko sahihi, afande. Samahani."

Akacheka. Nimelirudia cheko lile kichwani mwangu mara nyingi na sasa nadhani nalijua: lilikuwa la mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. Angeweza kuwaambia wenzake ni mchezo wa mtoto wa shule. Akaonyesha lile pipa la mafuta pale gereji. "Panda. Sema, mimi sijui hesabu. Mara tatu. Kwa nguvu, bila amplifaya."

Ukapanda. Ukasema. Mara ya tatu sauti yako haikutetemeka, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi, kwa kuwa nilisikia kwamba umeamini. Akaniambia, "Huyu asiguse tena mashine. Na wewe, muzee, hii iongee kesho." Wakaondoka.

Waliponipa kisogo tu nikaingia ndani, nikafungua skrubu nne, nikang'oa yangu, nikarudisha yako. Ilikuwa bado kwenye kisahani cha majivu. Nikaunganisha maikrofoni, nikafunga milango, nikapiga kelele jina langu. Likatoka safi, "Rajabu", kama lilivyo. Nikajua. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta wa duka, kwa Hawa, unakunywa maji. Hatua kumi. Nilichotakiwa kusema kingemalizika kwa dakika moja. Nimeikwepa dakika moja kwa miaka miwili.

Badala yake nikatoka nikawaambia watu nimesahihisha kosa la mtoto, na kwamba kwa akili zangu nimemwokoa. Na nikaendelea kuipamba. Mara ya kwanza Kapteni alicheka. Mara ya tano Kapteni alinipa mkono. Juzi nilijisikia nikimwambia mteja kwamba Kapteni aliniomba radhi.

Utasema labda ni kweli niliokoa. Msichana wa shule hachukuliwi, mtu mzima huchukuliwa, na ungebaki bila baba wa pili. Hilo nimejiambia mara nyingi, na kwa hoja linasimama vizuri. Ila sikulifikiria kabla ya kusema, Zaituni. Nililifikiria baadaye, nikalisogeza mbele ili lionekane lilitangulia. Kabla ya kusema nilikuwa nafikiria gari tu. Na hata kama ningekuwa nimekuokoa kwelikweli, milango ilipofungwa ningekuja kukuambia.

Siku iliyofuata uliweka kitabu cha Mhindi mezani kwangu. "Ami, hiki ni chako." Ukachukua ufagio. Mimi naujua ufagio ule vizuri, nimeusomea. Lakini wewe ulifagia haraka, umeipa meza mgongo. Na redio zangu zikaanza kurudi tena. Watu wanadhani ni betri mbaya za siku hizi.

Kapteni alihamishwa zamani. Wengine wanasema kaskazini, wengine wanasema kwingine, mimi siulizi. Kwa hiyo leo mchana, ulipoondoka tu na kikapu cha jjajja yako, nikavuka kwenda gereji. Lile pipa bado lipo. Nikapanda. Kwa umri wangu nilipanda vizuri sana, muulize yeyote.

"Ssebo, shuka," Kizito akasema, "pipa lina mafuta, utatuvunjikia."

Nikasema, "Rajabu hajui hesabu." Wakadhani ni mzaha unaanza, wakasogea na vikombe vyao vya chai. Nikasema mara ya pili. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anakunywa. Ndipo nikawaeleza: tano nukta sita ilikuwa yake, kumi na mbili ilikuwa yangu, niliitoa yake kwa mkono huu, nikamsukumia yeye.

Kizito akakaa chini juu ya sanduku lake la spana. "Banange," akasema. "Na mimi ndiye niliyekutania habari ya nesi."

"Ulinitania tu. Mkono ulikuwa wangu."

"Ule mkono wa Kairo?"

"Sikufika Kairo, Kizito."

"Hilo tulijua, ssebo. Hata Mombasa tulijua. Hili ndilo hatukujua." Akatikisa kichwa muda mrefu, halafu nikaona mabega yake yanacheka. "Kumi na mbili! Mzee mzima! Haya, kuanzia leo jina lako Kumi na Mbili."

Wakalipokea wote. Mpaka naandika hapa, mtu akipita anapiga kelele, "Kumi na Mbili, redio yangu iko tayari?" Nimewaapisha wasikuambie neno mpaka basi liondoke kesho. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu, na nilitaka nisiwe mbele ya macho yako utakapolisikia. Unaona, bado ni mimi yule yule.

Sasa Jumatatu. Wakikuweka mbele ya ubao kule chuo cha ufundi, nina hakika watachora wale mapacha, kwa sababu hakuna fundi wa maana anayeweza kuwapita. Watakuuliza mkondo wa emita. Usikimbilie jibu, jibu halina miguu. Uliza kwanza transista ni za silikoni au za jemaniamu, kwa maana za silikoni unatoa nukta saba na zile nyingine unatoa nukta mbili au tatu, na ukiuliza hivyo watajua wamepata mtu. Anzia kwenye besi. Mkondo wa besi ni mdogo, sema umeuona na umeuacha kwa makusudi. Shuka kwenye emita. Tafuta volti zilizobaki juu ya mkia, zigawe kwa rizista ya mkia, utapata mkondo wote. Halafu ugawe kwa mbili. Pale ndipo wajinga hufa, na ninasema kama marehemu.

Wakitaka kukutega watasema pacha mmoja amezima. Hapo usigawe. Anayebaki hubeba wote. Hilo huhitaji nikueleze, uliwahi kulifanya juu ya pipa, mimi nikiwa nimezima pembeni yako.

Na kama unapenda taipu, nenda taipu. Sisemi kwa kinyongo. Vidole vyako vitawashinda wote huko pia, na nitawaambia watu kwamba unaandika barua za marais saba kwa mpigo. Ila usiende huko kwa sababu ya bata. Bata alikuwa wangu. Hesabu yako haijawahi kukosea ndani ya duka hili hata mara moja, na nimekaa leo nikizipitia paketi zote za sigara nilizozificha, arobaini na kitu, nikitafuta japo kosa moja la kunifariji. Hakuna.

Ile rizista yako, kijani, buluu, nyekundu, iko ndani ya amplifaya ile mpaka leo. Sijawahi kuitoa tena na hakuna aliyeirudisha mashine ile kutengenezwa. Kila gwaride, yeyote anayesimama pale na nishani zake na kupaza sauti, sauti yake inapita kwanza kwenye hesabu ya msichana wa miaka kumi na mitano. Fikiria hilo ukiwa ndani ya basi. Mimi nimelifikiria mara nyingi nikicheka peke yangu, na ningependa sasa tucheke wawili.

Nilikuwa nataka kumalizia vizuri hapa, kwa maneno makubwa, lakini nasikia kelele nje. Umerudi mapema. Jjajja yako hakukulazimisha matoke ya pili.

Ni Kizito. Hakuweza. Aliapa kwa mama yake na hakuweza hata masaa matatu. Nakusikia.

"Injinia! Karibu, injinia wetu!"

"Kizito, umekunywa nini leo? Nani injinia?"

Sasa wanagonga pipa. Vijana wote wa gereji wanagonga pipa kwa spana na wanaita, "Muulize Kumi na Mbili! Muulize Kumi na Mbili!" Na wewe unauliza, "Kumi na Mbili ni nani?" na hakuna anayekujibu, wote wanaonyesha huku.

Nyayo zako zinakuja. Basi. Nilikuwa nimeipanga hii ikufikie ng'ambo ya Malaba, mimi niko huku salama. Naweka kalamu chini na nitakuambia mwenyewe, uso kwa uso, na nitajitahidi nisipambe. Barua nitaitia kitabuni hivyo hivyo ilivyo, ili ukiisoma njiani uone kwamba nilikuwa nimeandika kabla hujaniuliza.

Hapa chini nimebandika kwa gundi ya mpira wa baiskeli rizista moja. Kahawia, nyekundu, chungwa. Ukimwona mtu huko Nairobi anajisifu sana, mwonyeshe.

Umesimama mlangoni. Nainua kichwa.

Ami yako,
Rajabu Kumi na Mbili